Picha Zilizobaki Kwenye Diski

Mayasa wa mtaa wa Kiponda alikuwa mpigapicha wa wanawake. Siku ya harusi, wanaume wakikaa barazani, yeye huingia ndani na kamera yake. Humo wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele na kucheza mpaka jasho liwatoke. Bi harusi husingwa, hupakwa singo ya manukato mwilini, mabega wazi, kajifunga kanga moja tu. Mayasa alipiga picha zote hizo, akazitia kwenye kompyuta, akampa bi harusi nakala yake. Hakuna mwanamume aliyeziona. Kwa hilo Mayasa hakuwa na mchezo.

Hata kompyuta yake ilipomsumbua, hakuipeleka kwa fundi mwanamume. Aliipeleka Mkunazini kwa Riddhi, binti wa Kihindi aliyerithi duka la marehemu baba yake.

Siku moja Mayasa alinunua kompyuta mpya. Ile kuukuu akataka kuiuza. Alihamisha picha, akazifuta, kisha akaenda kwa Riddhi apigiwe windo upya, yaani mfumo wa zamani uondolewe na kuwekwa mwingine.

"Diski niifute juu juu au yote kabisa?" Riddhi aliuliza. "Yote itachukua mpaka kesho."

"Juu juu yatosha, shoga. Picha nshazifuta mwenyewe. Mnunuzi ananisubiri."

Riddhi alikuwa na wateja watatu mlangoni. Akaifuta juu juu bila kueleza zaidi, akatia windo mpya. Jioni ile kompyuta ilichukuliwa na Nadir, mwalimu wa skuli.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Bi Mwanakheri wa mtaa wa Malindi alipiga hodi kwa Mayasa.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

Mama yule alimnyooshea simu. Kwenye kioo alikuwamo mwanawe, Ummukulthum, mabega wazi, singo mwilini, anacheka. Mayasa aliijua picha ile. Aliipiga yeye.

"Imetoka kwa nani hii?" aliuliza.

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe! Imeingia kwenye simu ya shemeji yake. Jana mumewe kamrudisha kwangu. Anasema mkewe kaonwa na mji mzima, na talaka itafuata. Mwanangu ana mimba ya miezi mitatu, Mayasa. Hali chakula, halali usingizi."

"Wallahi sikumpa mtu!"

"Ndani mlikuwa na kamera ngapi?"

Ilikuwa moja tu.

Mayasa aliongozana na Bi Mwanakheri mpaka dukani kwa Riddhi. Riddhi aliitazama picha, kisha akauliza kompyuta ya zamani iko wapi. Wakampigia simu Nadir. Alikuja, kainamisha kichwa.

"Nlifuta mtihani wa wanafunzi wangu kwa makosa," alisema. "Nkatia programu ya kurejesha vilivyofutwa. Zikatoka picha za wanawake, mamia. Nlimwonesha mwenzangu mmoja tu. Kumbe naye kaipiga hii kwa simu yake, kaituma kwa watu."

"Mmoja tu!" alisema Bi Mwanakheri. "Angekuwa dadako, ungemwonesha huyo mmoja?"

Na huyo mwenzake Nadir, aliyeisambaza picha, hakuna aliyemsema mjini. Aliyesemwa kila baraza ni Ummukulthum, ambaye hakufanya lolote ila kuolewa. Ndivyo tulivyo, na inatia hasira.

"Lakini mimi nlizifuta!" Mayasa alilia. "Na wewe ukapiga windo mpya juu yake!"

Riddhi alivuta kiti.

"Sikiliza, dada Mayasa. Diski ndiyo inayotunza kila kitu kwenye kompyuta. Ukifuta picha, kompyuta haiiondoi. Inafuta jina lake tu kwenye orodha. Ni sawa na kubandua kibao cha nambari mlangoni. Nyumba ipo, na waliomo wamo. Kufuta juu juu na kupiga windo pia huacha mengi."

"Basi mtu afanyeje?"

"Kwanza anakili anavyovitaka kwenye diski nyingine. Azifungue nakala zile, ahakikishe ni nzima. Kisha diski ya kompyuta ifutwe yote, kwa kuandikwa upya kila pahala, mwanzo mpaka mwisho. Diski za kisasa zina amri maalumu ya kujifuta. Baada ya hapo ndipo windo inapotiwa." Akamrudishia Bi Mwanakheri simu yake. "Siku ile nlikuuliza, lakini sikukueleza. Kosa ni langu pia."

Walikwenda polisi kwanza. Nadir na mwenzake walitoa maelezo. Kompyuta ilipoachiliwa na polisi, Riddhi alianza kuifuta. Ummukulthum alitaka awepo. Alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka alasiri, akiangalia nambari zikipanda kwenye kioo. Kazi ilipokwisha, Riddhi alitia programu ileile aliyoitumia Nadir. Haikutoa hata picha moja.

"Za wenzako zote zimeondoka," Riddhi alimwambia.

"Na yangu, iliyo kwenye simu za watu?"

"Hiyo siwezi kuifikia, mdogo wangu. Nisikudanganye."

Talaka ilikuja Alkhamisi.

Mayasa alizunguka nyumba za mabibi harusi wote, akawaeleza ukweli. Wengine walimfungia mlango. Tangu hapo, picha za kila harusi aliziweka kwenye diski ya peke yake, yenye neno la siri. Akishakabidhi nakala, diski hiyo hufutwa yote mbele ya mwenye harusi. Riddhi naye hakupokea tena kompyuta bila kueleza kwanza, hata wateja wakijaa mpaka njiani.

Mwaka ulipogeuka, Salhiya, mdogo wake Ummukulthum, alipata mchumba. Bi Mwanakheri hakutaka kamera ndani. Ummukulthum ndiye aliyesema, "Muite Mayasa. Mwengine atafanya kosa lilelile. Yeye hatolirudia."

Mayasa akaenda. Kila alipoinua kamera, Ummukulthum alijifunika kanga usoni, yeye na mtoto wake, akageukia ukutani. Mayasa alisubiri mpaka Ummukulthum atoke mbele ya kamera.

Siku ya kukabidhi picha, Bi Mwanakheri alikaa dukani kwa Riddhi saa nzima, bila kuondoa macho kwenye kioo. Diski ikafutwa yote. Riddhi akaijaribu kwa programu ya kurejesha, haikutoa kitu.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheri. Akajifunga buibui lake vizuri. "Huyu mwanangu mmoja kasalimika."