Bwana Jamil wa Palestina

Kila Jumamosi, tukishamaliza kufagia uwanja wa shule, wenzangu walikwenda mtoni kufua. Mimi nilibaki darasani na chupa ya wino. Shule yetu ya misheni, upande huu wa Vwawa, ilikuwa na gazeti. Lilikuwa karatasi moja kubwa, iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa kwenye mlango wa kanisa ili watu waisome Jumapili wakitoka ibadani. Wavulana walileta habari, mimi nilizinakili, maana mwandiko wangu ulisomeka. Kazi hiyo ilinifaa sana. Nikiitwa kusema mbele ya watu, nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu mpaka mwalimu anachoka.

Mwaka ule wa 1947, Mwalimu Osea alitutaka tuandike juu ya mtu aliye hai anayefanya kazi ya maana. Rafiki yangu Ferista aliandika juu ya mkunga wa kijiji. Asajile aliandika juu ya baba yake, karani. Mimi niliandika juu ya Bwana Jamil, mwandishi wa gazeti huko Palestina.

Baba yangu, Hezron, alimfahamu wakati wa vita. Baba alipelekwa jeshini, akawa analinda ghala mjini Yafa, na jirani na ghala palikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa. Bwana Jamil alikuwa na mtambo mmoja na watu wawili. Kila juma aliandika maoni yake juu ya wakulima walioondolewa kwenye mashamba yao, na chini yake akaweka jina lake. Serikali ililifunga gazeti. Lilipofunguliwa, akaandika yale yale. Baba alinisimulia hayo mara nyingi tukipalilia kahawa, mimi nikayaweka kichwani, kisha nikayaandika.

Jumapili watu walijaa mlangoni. Asajile alisoma kwa sauti, halafu akageuka.

"Jamani, Palestina ni ya kwenye Biblia," akasema. "Nesta amepata habari kutoka huko. Juma lijalo atatuletea barua ya Farao."

Walicheka mpaka kina mama wakaweka watoto chini. Mzee Anania, mzee wa kanisa, hakucheka. Alisema mtoto huyu anachezea Maandiko, akaondoka amekasirika.

Jumatatu Mwalimu Osea aliniita.

"Nesta, wazee hawajapenda. Na mimi nina jambo langu. Serikali iliyofunga gazeti la huyo bwana ni hii hii ya Kiingereza tuliyo nayo hapa. Andika chini kwamba umetunga, tuyamalize."

"Sikutunga, Mwalimu."

"Basi lete kitu cha kuonyesha. Usipokileta, Jumamosi kalamu ataishika Asajile, na wewe hutaandika tena mlangoni."

Sikulia mpaka nilipofika nyumbani. Kalamu ile ndiyo ilikuwa sauti yangu. Nyingine sikuwa nayo.

Baba alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na wembe wake wa jeshini. Ulikuwa umefungwa kwa ukurasa wa gazeti. Juu palikuwa na picha ya mtu mwenye miwani, chini yake maandishi ya Kiarabu.

"Ndiye huyu," Baba akasema. "Alinipa siku naondoka. Kiarabu siwezi kukisoma. Tutakwenda Mlowo."

Jumatano tulitembea mpaka Mlowo, kwenye duka la Bwana Nasoro, Mwarabu aliyekuwa akiuza chumvi na vitambaa. Alifuta mikono, akasoma polepole, akitufasiria kila mstari. Gazeti lilifungwa majuma matatu. Leo limefunguliwa. Mwandishi anawashukuru wasomaji waliosubiri, na anawaambia wakulima kwamba hajabadili hata neno moja.

Nilikuwa nimesimama wima kwa furaha. Nikauliza, "Na pale alipofungwa gerezani, Bwana?"

Bwana Nasoro akapitisha kidole tena kwenye ukurasa. "Gereza halimo, binti. Gazeti ndilo lililofungwa. Yeye alikaa nyumbani kwake akinoa penseli, anasema hapa."

Baba akanigeukia. "Gereza umelitoa wapi? Mimi sikukwambia gereza."

"Nililiongeza," nikasema. "Niliona bila gereza habari imepoa, nikadhani lazima na yeye alifungwa."

Tuliaga, Baba akatangulia mpaka tukavuka mto. Ndipo akasema, "Siku moja Bwana Jamil alisimamisha mtambo, akapanga herufi upya kwa sababu jina la mkulima mmoja lilikosewa. Jina moja tu. Wale wafanyakazi walinuna, na yeye akaendelea kupanga."

Nilielewa. Nikinyamaza, ukurasa ule ungenitetea, maana hakuna mtu kijijini aliyeweza kuusoma. Nikisema, Asajile angepata la kusema mwaka mzima.

Jumamosi Mwalimu Osea alimwita Mzee Anania darasani; Asajile alikuwa ameketi tayari kushika kalamu. Nikaweka ukurasa mezani, nikaeleza Bwana Nasoro alivyousoma. Mzee Anania aliisogelea picha, akaitazama muda mrefu.

"Kumbe watu wa huko wanavaa miwani," akasema.

"Wapo, Mzee," nikasema. "Wanaishi huko, wanalima na kuandika. Lakini kuna jambo moja niliandika la uongo. Hakufungwa gerezani. Hilo nililiongeza mimi."

Asajile akapiga dawati. "Si niliwaambia? Basi yote ni uongo."

Safari hii sikutazama vidole vyangu. Nilimtazama yeye.

"Gereza ni uongo wangu, na nitalifuta mwenyewe. Bwana Jamil ni kweli. Gazeti lake kufungwa ni kweli, na kuandika tena ni kweli. Hayo sifuti, hata ukicheka mpaka kesho."

Mwalimu Osea akakohoa. "Na lile la serikali, Nesta? Tukiulizwa bomani?"

"Limo kwenye ukurasa huu, Mwalimu. Wakiuliza, waonyeshwe jina langu, nitaliandika chini."

Alinitazama, akaitazama chupa ya wino. Kisha akanisogezea kalamu.

Nikaandika: *Juma lililopita niliandika kwamba Bwana Jamil wa Palestina alifungwa gerezani. Si kweli, kosa ni langu. Mengine yote yanabaki kama nilivyoyaandika. Nesta binti Hezron.* Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutokea kwenye mlango ule.

Jumapili watu walijaa kuliko siku zote. Bibi mmoja asiyejua kusoma akanivuta mkono. "Wewe ndiye Nesta? Hebu nisomee." Nikasoma, na wa nyuma wakasema nipaze sauti, nikapaza.

Mwalimu Osea alikuwa amesimama kando na Mzee Anania. Nilipomaliza, akasema ili wote tusikie:

"Mimi niliogopa, huyu mtoto hakuogopa. Lakini angeacha lile gereza pale, ushujaa wake usingetusaidia kitu. Anayetaka kushikilia ukweli wake mbele ya watu, na aanze kwa kutoa uongo alioutia mwenyewe. Nesta, Jumamosi njoo mapema. Wino umebaki kidogo, na wewe ndiwe utakayeandika."