Ukimya wa Mama Testa

Mama Testa alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mtu anayejiandaa kusema. Mkasi, mhariri wa video wa chuo, akairudisha video nyuma na kutega sikio. Hakukisikia. Alipoiacha iendelee, kikohozi kikarudi, safari hii karibu zaidi na maikrofoni.

Mama Testa alikuwa amekwisha kufa. Huyu wa kwenye kioo cha kompyuta alikuwa ametengenezwa na akili mnemba kwa sura na sauti yake, na mashine haishikwi na mafua.

Enzi za uhai wake alifundisha vijana wa chuo kazi ya umeme. Jina alilipata kwa testa yake, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, ambayo hakuitoa mfukoni hata akienda harusini. Kila somo alilianza kwa maneno yaleyale: "Pima kwanza, shika baadaye." La mwisho lilirekodiwa kwa video, akifundisha mwenyewe. Sasa chuo kilitaka kujua wanafunzi wanaelewa zaidi video ya mtu au ya mashine, kwa hiyo somo lilelile likatengenezwa upya kwa mashine. Kundi moja lingetazama la mtu, jingine la mashine, kisha wote wangefanya mtihani wa kuandika na wa karakana. Mkasi ndiye aliyekuwa mhariri wa video zote mbili, na katika kundi la mashine alikuwemo mdogo wake wa kike. Wazazi walishatangulia, walikuwa wamebaki wao wawili tu.

Video ya mashine ilikuwa na kasoro moja. Kati ya neno na neno hapakuwa na kitu kabisa. Walioijaribu walisema mwalimu anaongea kama yuko ndani ya chupa. Mkasi akafanya wanavyofanya wahariri. Kila wakimaliza kurekodi, watu wote husimama kimya kidogo huku kinasa sauti kikiendelea, ili wapate mvumo wa chumba wa kuzibia mapengo. Aliuchukua ukimya uliorekodiwa siku ile ya Mama Testa, akautandika chini ya maneno ya mashine. Video ikapata pumzi.

Ukimya gani huo, alijiuliza, kisha akajifanya hamnazo. Siku ile, ukimya ulipoanza, Mama Testa alijishika kifuani. Mkasi na wenzake walimwona. Walidhani anaweka sawa maikrofoni. Alikuwa ameambiwa asitoe sauti, naye alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Mkasi aliposema "tayari," ndipo alipoanguka, roho ikiwa imeshatoka.

"Kundi la mashine limewaacha wenzao mbali," mkuu wa kitengo alimwambia Mkasi asubuhi ya mtihani wa karakana. Alinong'ona, ingawa ofisini walikuwa peke yao. "Maswali ya kuandika wamepata yote. Lakini wananitisha."

"Wanakutisha vipi, mama?"

"Nikimwuliza mmoja, wote wanavuta pumzi."

Mkasi alitaka kucheka, ila simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Kaka, mbona hukuniambia kwamba mwishoni anaongea na mtu mmoja mmoja? Kaniita lile jina la nyumbani."

"Nani kakuita?"

"Mwalimu. Kasema leo tusipime. Tushike tu, tunyamaze."

Simu ikakatika. Mkasi akakimbilia chumba cha kuhariri, akaifungua video na kuipeleka mwisho, pale alipojua kwa hakika kwamba somo linaishia kwenye salamu ya kwaheri, lakini salamu haikuwepo, alikuwepo Mama Testa amesimama mkono kifuani, bila kupepesa macho, na chumba kizima kikaanza kunuka waya ulioungua, na feni ya dari ikawa inazunguka bila sauti, na ule ukimya aliouweka yeye kwa mkono wake mwenyewe ukaendelea hata baada ya video kusimama, mpaka midomo kwenye kioo ikafunguka ikasema polepole, "Mkasi, mbona mlinyamaza?"

Alitoka mbio. Karakanani aliwakuta wanafunzi wamejipanga mbele ya ubao wa mazoezi, mikono imeinuliwa kuelekea nyaya zilizo wazi, vidole vikikaribia kwa pamoja, na mwalimu wa zamu amesimama nao mdomo wazi, haoni, hasikii. Mkasi aliivuta swichi kuu chini. Umeme ukakatika, na vijana wakaanguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Alimkumbatia mdogo wake akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Mkuu wa kitengo, ambaye siku zote aliyaita mambo ya majini porojo, ndiye aliyeleta mganga kupitia mlango wa nyuma. Mganga alifukiza chumba cha kuhariri, akatazama kioo, akatikisa kichwa.

"Huyu si marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu amepumzika. Ninyi mmejenga mtu asiye na mtu ndani. Nyumba tupu haikosi mpangaji. Mlango ni huo ukimya. Ufute."

Mkasi akaufuta. Kioo kikatetemeka, harufu ikaisha, na mwalimu wa mashine akarudi kuongea ndani ya chupa.

"Ameondoka?" mkuu aliuliza.

"Hapa hayupo," mganga alijibu, akikusanya vitu vyake haraka haraka. "Sikumwona akienda."

Jioni hiyo Mkasi alimpikia mdogo wake chai. Alijisikia mwepesi, mtu aliyerudishiwa kitu alichokaribia kukipoteza kwa uzembe wake mwenyewe. Jirani alikuwa akitwanga, redio ya mtu ikiimba, friji ikinguruma pembeni. Binti alikaa mezani, mikono mapajani, akimtazama kaka yake bila kupepesa.

"Sema neno basi, mdogo wangu. Unanitia wasiwasi."

Kinu kikanyamaza. Redio ikanyamaza. Friji nayo ikanyamaza, ingawa taa yake ilikuwa inawaka.

Binti akajishika kifuani, akakohoa kidogo.