Habari za Baba Kutoka Kongo

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Najat alifunga ndoo ya vitumbua kwenye keria ya baiskeli, akaizungusha mitaa ya Ngamiani. Mama yake, Mwamvua, alikuwa na wateja wa kudumu, na wote walizoea kuletewa vitumbua vikiwa bado vya moto. Kazi yenyewe Najat aliipenda. Kilichomkera ni midomo ya watu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Baba yako kapiga simu?”

Hilo ndilo swali! Ukibisha hodi mlango huu, unaulizwa. Ukivuka barabara ukabisha mwingine, unaulizwa tena, tena na mtu aliyekusikia ukijibu kule ulikotoka. Baba yake, Suleimani, alikuwa mwanajeshi, na kikosi chake kilipelekwa Kongo kulinda amani. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Kisha wakahamishiwa karibu na mapigano, na simu zikakatika. Kila vita vilipotajwa kwenye taarifa ya habari ya usiku, asubuhi yake watu walimvaa Najat kana kwamba yeye ndiye mtangazaji.

Wakimuuliza mama yake, yeye husema, “Tunamshukuru Mungu,” kisha huendelea kuchota unga. Jibu hilo halikumtosha mtu, basi wote wakamsubiri mtoto.

Aliyezidi ni Bi Khairat, jirani wa nyumba ya pili. Yeye hakuridhika na “bado”. “Bado? Mpaka leo bado? Mh! Haya, Mungu ndiye ajuaye.” Hiyo “mh” yake ilimwingia Najat kichwani, ikakaa huko mpaka kipindi cha hesabu, na hesabu zenyewe zikawa hazipandi.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Kabla Bi Khairat hajamaliza swali, Najat alisema, “Ndiyo, kapiga jana. Mzima, anawasalimu.”

Loo! Bi Khairat akasema alhamdulillahi, akapokea vitumbua vyake, akafunga mlango. Hakuna mh, hakuna nini. Najat alipanda baiskeli akijisikia mwepesi, akajiuliza kwa nini hakuanza zamani. Mlango wa pili akasema vilevile, na wa tatu akaongeza kwamba baba analala kwenye hema. Wiki iliyofuata baba akala samaki wa mtoni na hakuwapenda. Uongo ukishauzoea mdomo haubishi hodi tena, unaingia tu kama mwenye nyumba.

Tatizo ni kwamba Bi Khairat ana dada aliyeolewa Kigombe, kijiji cha wavuvi alikozaliwa baba yake Najat. Na huko Kigombe ndiko aliko Bi Mize, mama mzazi wa Suleimani, ambaye naye alikuwa anasubiri simu. Jioni moja alimpigia Mwamvua, na sauti yake ilisikika mpaka uani.

“Mwamvua! Kumbe mwanangu ana simu ya kukupigia wewe, mie niliyemzaa ananiona jalala?”

“Mama, wallahi hajapiga.”

“Usiniapie! Ngamiani nzima yajua, Kigombe nzima yajua, nimebaki mie tu kufichwa!” Simu ikakatwa.

Mama yake Najat alibaki ameishika ile simu, macho yamemjaa machozi ya hasira. “Ni nani anayezusha haya maneno? Wallahi nikimjua, tutaonana!”

Najat alikuwa akiosha vyombo. Alisugua sufuria moja kwa nguvu kana kwamba anataka kuitoboa. Hapo ndipo pa kusema, na yeye alijua. Lakini alimtazama mama yake, akaogopa, akaona bora alirekebishe jambo hilo kimya kimya, kwa njia zake.

Kesho yake akamwambia Bi Khairat, “Shangazi, baba hawezi kumpigia bibi kwa sababu kaumia mkono. Kidogo tu. Anaazima simu za wenzake, na hawampi muda.”

“Maskini!” alisema Bi Khairat, akashika kifua. Najat akaondoka ameridhika, akidhani bibi akisikia hivyo atamwacha mama yake apumue.

Jumamosi hiyo mama alikuwa jikoni akipika uji, Najat akipiga pasi sare, mara wakasikia kilio nje. Magari mawili ya kukodi aina ya Noah yalikuwa yamesimama mlangoni. Wakashuka wanawake wenye mabuibui, mikeka, masufuria ya shughuli na gunia la mchele. Mbele yao alikuwa Bi Mize, ameshikiliwa huku na huku, anaita, “Mwanangu wee! Suleimani wee!”

Ule mkono uliondoka Ngamiani ukiwa umeumia kidogo. Ulipofika Tongoni, katikati ya njia, ulikuwa umekatwa. Ulipoingia Kigombe, mwenye mkono alishazikwa.

Na Ngamiani kilio kikisikika, hakuna anayesubiri kuuliza. Mara turubai limefungwa, wanaume wametoa viti barabarani, wanawake wameingia uani na mawe matatu ya kupikia. Bi Khairat alishaanza kumenya vitunguu huku analia, na haikujulikana ni vitunguu au ni msiba. Bi Mize akaingia chumbani na nguo nyeupe zimekunjwa mkononi.

“Mwamvua, mwanangu, tusameheane. Vua bangili, uoge, uvae hizi, ukae eda.”

Mama yake Najat alikuwa amesimama na upawa unaodondosha uji. “Eda? Nikae eda ya mume gani? Nani kasema kafa?”

“Shemeji, usijikaze,” alisema Uweso, kaka mkubwa wa Suleimani, kwa upole. “Si nyinyi wenyewe mliosema kaumia?”

“Nyinyi nani?”

Watu wakageuka kumtazama Bi Khairat, naye akakiweka kisu chini. “Aka! Msinitazame mie! Mie nimeambiwa na Najat. Na sikusema kafa, nilisema mkono, basi!”

Hapo kila mtu akamtafuta Najat kwa macho. Alikuwa nyuma ya mlango. Bi Mize alimvuta, akamshika mashavu. Nyumba nzima ilijua kwamba bibi ana presha.

“Njoo, mjukuu wangu. Wewe ndiye uliyeongea naye. Sauti yake ilikuwaje? Kakwambiaje?”

Najat angepigwa kofi ingekuwa nafuu. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini: bibi, kapiga leo asubuhi, mzima kabisa, mkono umepona. Angesema hivyo, na mikeka ingekunjwa, na bibi angecheka. Kisha ingefika kesho, na watu wangeuliza tena. Na kama baba alikuwa kweli amepatwa na jambo huko?

“Bibi, baba hajapiga. Hajapiga tangu wahamishwe. Nilisema uongo.”

“Wa mkono?”

“Wote. Hema, samaki, mkono. Hata niliposema mzima.”

Bi Mize akayaachia mashavu yake. “Kwa hiyo hajafa?”

“Sijui, bibi,” alisema Najat, akaanza kulia.

Bibi alikaa chini taratibu, mkono kifuani. Mama akauinua ule upawa. Najat akafumba macho, lakini upawa uliishia hewani.

“Mtoto wewe!” alisema mama. “Mtoto wewe, umenigombanisha na mkwe wangu, kisha umenifisha mume! Na nyinyi wakubwa je? Katika mtaa huu mzima hamkuona wa kumuuliza ila mtoto wa darasa la sita? Kila Ijumaa nakwenda ofisi ya kikosi kuuliza. Kila Ijumaa naambiwa hakuna habari mbaya, narudi nawaambia tunamshukuru Mungu. Mlitaka niseme nini zaidi? Nipige ngoma?”

Mama akabonyeza simu, akaweka sauti ya juu. Akapokea Sajini Godlisten, anayeshughulikia familia za askari walio nje.

“Sajini, huku wamekuja kumzika mume wangu. Hebu wasikie wenyewe.”

“Kumzika nani tena?” Sajini alivuta pumzi. “Mama Najat, taarifa ya asubuhi hii ninayo hapa mezani. Suleimani na wenzake wote wazima. Walipo hawaruhusiwi kupiga simu, wakitoka hapo atapiga mwenyewe. Jamani, haya maneno mnayaokota wapi? Leo nyinyi ni wa tatu!”

“Alhamdulillah,” alisema Bi Mize, na hapo ndipo alipolia kilio chenyewe. Wanawake wa Kigombe walitazamana, hawajui waendelee naye au wanyamaze. Nje wali ulikuwa ushaanza kuchemka.

“Sasa mchele huu?” aliuliza Uweso.

“Mle!” alisema mama. “Mle, mumwombee dua arudi salama, kisha kila mtu aende kwake. Nimechoka mie!”

Bi Mize alimkalisha Najat karibu yake. “Kwa nini, mjukuu wangu?”

“Nilichoka kuulizwa, bibi. Nikisema bado, hawaridhiki.”

Bi Khairat aliinamisha kichwa, akarudi kwenye vitunguu vyake.

“Hata mie kungoja kumenichosha,” alisema bibi. “Lakini ‘sijui’ haijamuua mtu. Uongo wako umemuua mwanangu njiani, kati ya hapa na Kigombe, nami nimemlilia.”

Wiki kadhaa zikapita. Najat akawa anajibu “bado”, na “mh” ya Bi Khairat akaivumilia. Kisha asubuhi moja, vitumbua vikiwa jikoni, simu ikaita. Namba ngeni. Ilikuwa sauti ya baba! Imekauka kwa vumbi, inakatikakatika, lakini ni yeye, na alikuwa ametoka kuongea na mama yake, Bi Mize, kule Kigombe.

Najat hakungoja hata ndoo. Aliruka kwenye baiskeli, akapiga kengele mtaa mzima. “Baba kapiga! Baba kapiga!”

Bi Khairat akafungua mlango nusu. “Mh!”

“Kweli, shangazi! Sasa hivi!”

“Kaniitie mama yako aje aniambie.”

Mlango wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu wakamcheka: “Leo kala samaki gani?” Najat alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, machozi yanamtoka.

“Mama, hawaniamini! Nasema kweli na hawaniamini!”

Mama aligeuza vitumbua, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vimegeuka. Usoni alikuwa bado ana furaha ya simu, lakini hakucheka.

“Ulitaka wakuamini kwa lipi? Mwongo, hata siku akisema kweli, haaminiki. Watakuamini, Najat, ila si leo. Unachokijua utakisema kilivyo, usichokijua utasema hujui, leo na kesho na mwezi ujao, mpaka masikio yao yakuzoee upya. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Njia ya kurudi kutoka huko ndiyo ndefu.” Akajaza ndoo, akaifunika. “Haya, vitumbua vinapoa.”

Najat akapangusa uso kwa kanga ya mama, akaifunga ndoo kwenye keria, akaanzia mlango wa Bi Khairat.