Sajenti Tuliyemlilia

Sajenti aliingia kwenye shuka jeupe akiwa mzima kabisa, kofia kichwani, akajimiminia chai. Ndani ya depo, ghala la maharagwe tulimokuwa tukitazama sinema, watu wakashtuka. Sisi watu wa kilima cha Kingi tulikuwa tumeshamlilia yule mtu. Mama yangu, Mukandori, alimpikia chakula cha matanga, na jirani yetu Mama Emérita alinyoa hadi nywele zake kwa kumwomboleza.

Nikamtazama Straton, aliyesimama kando ya shuka na fimbo yake ya kuonyeshea. Huyo ndiye mchumba wangu, na ng'ombe wa mahari walikuwa waletwe Jumamosi ile ile.

Huo ulikuwa mwaka wa 1968. Mwingereza mmoja, mpimaji wa madini aliyekuwa akipita kwetu kwenda Walikale, alikuwa na ndugu anayefanya kazi kwenye televizheni huko Londoni. Ndugu alimtumia mikanda ya filamu, naye akatuachia pamoja na mashine ya kuionyeshea kwenye shuka. Televizheni yenyewe hatukuwahi kuiona hata siku moja. Kila Jumapili baada ya misa tulifunga madirisha ya depo, jenereta ikawashwa, tukatazama mchezo wa polisi, wa Inspekta na Sajenti wake, halafu ule wa kuchekesha, wa bwana anayemwogopa mama mkwe. Straton alikuwa amekaa Uganda miaka mitatu, kwa hiyo yeye ndiye aliyetufasiria. Baba yangu, Papa Nzabandora, alimkubali kwa ajili hiyo hasa. Alisema mwanaume anayewaelewa Waingereza hatashindwa kumwelewa binti yake.

Mikanda ya kwanza iliishia Sajenti akipigwa risasi. Alianguka mapajani mwa mwanamke mmoja, midomo ikicheza, na Straton akafasiri polepole:

— Anasema, kama nilikawia kukuambia, haikuwa kukosa kukupenda. Kila asubui nilikuwa naangalia njia yako ya maji mbele ya kuangalia jua. Sasa anakufa.

Nililia hadi kwikwi. Wala sikujiuliza Londoni nani anaenda kuchota maji. Kesho yake Straton akanichumbia kwa maneno manne makavu, nikakubali, huku nikimwonea wivu yule mwanamke. Miezi sita nikawa namchokoza: mbona wewe husemi kama Sajenti? Anacheka, anaangalia viatu vyake.

Sasa mikanda mipya imefika, na marehemu anakunywa chai.

Baba akainuka, akasimama mbele ya mashine hadi Sajenti akawa anacheza kwenye shati lake jeupe.

— Straton, ule si njo Sajenti?

— Njo yeye, Papa.

— Ulituambia alikufa.

— Nilisema vile.

— Kingereza unakijua ao haukijui?

Straton akaweka fimbo chini.

— Sikijui, Papa. Kule Uganda nilikuwa navuna pamba. Nilijua salamu na maneno kidogo ya kazi. Ingine yote nilikuwa naitunga.

Mama Emérita akajishika kichwa, nywele zenyewe ndiyo kwanza zinarudi. Baba akasema aliyedanganya kilima kizima atamdanganya na mke, kwa hiyo ng'ombe wabaki kwao. Nilikuwa na hasira na Straton, na nilimpenda, vyote pamoja. Halafu nikawaza: kama Sajenti hakufa, basi hakuaga. Na kama hakuaga...

Nikasimama.

— Straton, yale maneno ya njia ya maji, nani aliyasema?

Akaangalia viatu vyake.

— Ni miye.

— Ulikuwa unamwambia nani?

— Wewe, Libérata. Nilikuwa naogopa kukuambia mimi mwenyewe. Nikaona ule muntu anaanguka, nikasema acha nimuazime kinywa. Njo nikamuua.

Machozi yakanitoka, yale yale ya miezi sita nyuma, ila safari hii yalikuwa ya kwangu. Nikamwambia baba mbele ya watu wote kwamba huyu ndiye ninayemtaka, na ng'ombe wao wasipokuja Jumamosi, nitaswaga wa kwetu niwapeleke huko. Kina mama wakaanza kucheka.

Baba akageuka kulitazama shuka, akasogea kando ili Sajenti aonekane vizuri.

— Mutoto wa watu, akasema. Kweli nafurahi iko muzima.

Akarudi kukaa juu ya gunia lake.

— Endelea, Straton. Anasema nini sasa?

— Sijui, Papa.

— Basi tunga. Lakini usimuue tena.

Jumamosi ng'ombe wakapanda kilima. Siku ya ndoa, miezi kadhaa baadaye, padri alipomuuliza kama ananikubali, Straton akajibu ndiyo, kisha hakunyamaza. Akanigeukia akayasema yote, pasipo shuka wala fimbo, kuanzia kukawia kwake hadi njia ya maji. Padri akangoja. Mama Emérita alilia kuliko sisi sote, lakini siku hiyo alikuja amesuka.