Alama Jichoni mwa Haboba

Kila asubuhi nyumbani kwao mtaani Gudele, Poni alimpa bibi yake kikombe cha chai na kukishikilia mpaka vidole vya mzee vikizoee. Haboba, yaani bibi, kama wote walivyomwita, alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilikwisha kufa zamani, na sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika la kulia.

Siku ya upasuaji hospitalini, Daktari Kawira, Mkenya, alimketisha Haboba wima, akatia dawa ya ganzi, kisha akachora alama ndogo za wino pembezoni mwa jicho. Akamweleza Poni kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiye mkalimani wa siku hiyo, kwamba jicho hilo halikuwa na mviringo sawa, hivyo lenzi ya kupandikizwa ilipaswa kuelekezwa barabara. Mgonjwa akilala, jicho huzunguka kidogo; alama ndizo zingemwongoza. Jicho lisiguswe kabisa.

Maneno marefu, na Poni akaona uvivu. Kwa Kibari, lugha yao, alisema tu, "Daktari anasema usiogope."

Daktari alipotoka, Haboba alitoa kichupa cha mafuta ya maombi aliyopewa kanisani, akataka apakwe jichoni kabla ya kisu. Poni akapaka, akaomba naye, akafuta kwa leso yaliyozidi. Leso ikatoka na buluu ya wino. Alipolichungulia jicho, wino ulikuwa umesambaa na kuhama mahali pake.

Muuguzi Sebit akaja na kiti cha magurudumu. Poni akaificha leso ndani ya ngumi. Alijiambia labda daktari ana mashine, labda hakuna neno. Haboba alitabasamu, akimwamini kabisa, na kiti kikaanza kusogea. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Daktari Kawira alikuwa amesimama ndani, na Poni akakishika kiti kisisogee.

"Daktari, ngoja," alisema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, akifungua ngumi. "Alama imeharibika. Mimi nilifuta na mafuta. Na ile maneno yako, mimi haikumwambia yote."

Uso wa daktari ukabadilika. Upasuaji ukasimama, jicho likaoshwa na kuchunguzwa, Haboba akaketishwa tena, alama zikachorwa upya. Nje, Poni alilia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake bandeji ilipoondolewa, Haboba alipepesa, akamkazia mjukuu wake jicho. "Mbona umelia?" akauliza kwa Kibari.

Poni akamtafsiria daktari swali hilo. Daktari akamwambia Poni:

"Ungenyamaza, ningeifuata alama ya uongo, na nyanya hana jicho lingine. Kosa likisemwa mapema hurekebika. Lakini mkalimani hachagui la kusema. Haya, mwambie yote."

Poni akamweleza bibi yake bila kuruka neno, huku Haboba akimtazama usoni.