Siku Nilipojaza Dramu Zote Sawa

"Umeniua! Mke wangu mwenyewe, umeniua!"

Mume wangu alipiga kelele mbele ya kamera, wanunuzi na wakubwa wa kampuni. Nyuma yake winchi ya kampuni ilikuwa inafuka moshi... imeshindwa uzito ambao za wapinzani ziliuvuta vizuri tu.

Mimi nilikuwa nafuta grisi mikononi. Nikacheka. Jamani, nilicheka!

Kabla hamjaniita mchawi, nisikilizeni.

Mume wangu ni mhandisi. Anapima winchi, zile mashine zinazofungwa mbele ya gari kuvutia magari yaliyokwama. Mimi ni fundi wake. Mwaka jana kampuni moja ilimkodi aishindanishe winchi yao na za wengine. Majibu yakatoka: yao imezigaragaza zote!

Mdogo wangu, dereva wa gari la kukokota, akanipigia simu.

"Dada, nimeisoma ripoti yenu. Nafunga hii hii."

Akafunga.

Siku moja akawa anavuta lori mtaroni. Limebaki kidogo tu litoke... winchi ikaishiwa nguvu. Lori likarudi nyuma, na yeye yuko nyuma yake.

Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Mume wangu alienda kumwona hospitalini na mfuko wa matunda. "Pole shemeji. Ajali haina kinga."

Ajali?! Mimi ni fundi bwana!

Winchi ina dramu, pale waya unapoviringishwa. Dramu ikijaa waya, winchi inakuwa dhaifu. Ukiuachia waya, ikabaki mizunguko michache, winchi ile ile inavuta kama fahali. Ndiyo maana ilimwacha mdogo wangu mwishoni, waya ukiwa umesharudi wote.

Nikafukua picha za majaribio. Ya kampuni, dramu karibu tupu. Za wapinzani, zimejaa pomoni!

Nikamfuata mume wangu jikoni, anapaka siagi kwenye mkate.

"Kwa nini dramu hazikulingana?"

"Sikudanganya hata kilo moja. Kila namba niliyoandika ni ya kweli."

"Na mguu wa mdogo wangu?"

"Usinifundishe kazi."

Akaendelea kupaka siagi. Nikasema moyoni, za mwizi arobaini.

Mwaka huu kampuni ikataka majaribio ya hadharani. Mume wangu akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: ya kampuni achia waya, za wengine jaza.

"Sawa mume wangu."

Nikajaza zote! Mzunguko kwa mzunguko. Yeye na shati lake jeupe alikuwa bize kuwachekea wakubwa, hakuja hata kuchungulia.

Mwisho wake ndio ule moshi.

"Umenihujumu!" alifoka.

"Nimezijaza sawa zote. Kama haki inaua, basi kufa!"

Nikaikabidhi ile karatasi kwa mwenye kamera. Wakubwa wakamkana pale pale, kama hawajawahi kumwona.

Nikakimbia kwa mdogo wangu. Nilimkuta dirishani, magongo yameegemea ukuta. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka machozi. Kisha akafuta macho.

"Dada... mwaka jana dramu alijaza nani?"



Ukurasa wa mwisho wa ripoti ile, chini ya sahihi ya mume wangu, kuna mstari: "Fundi wa waya." Sahihi ni yangu. Aliniambia hii achia, hizi jaza. Nikafanya. Nilijua maana yake, ila sikuuliza.

"Niliiona sahihi yako kabla sijanunua," akasema. "Shemeji simwamini hata akinisomea saa ya ukutani. Nilifunga kwa sababu yako."

Nililia nikiwa nimeshika gongo lake.

Ndugu zangu, mkiona mtu kashinda mashindano aliyoyaandaa mwenyewe, ulizeni yalivyopangwa. Na wewe unayeshika spana, usiseme "niliagizwa".

Mume wangu nimeshamwadhibu. Fundi wake bado, na kila asubuhi namchana nywele kwenye kioo.