Niliutega Msumeno wa Rafiki Yangu

Nina miaka arobaini na minne, mke mmoja, watoto wanne, na karakana ndogo ya useremala huku Cimpunda, komini ya Kadutu, mjini Bukavu. Ninajua kazi yangu. Hasira yangu ndiyo mbovu. Mama yangu alikuwa akiniambia kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwamba mkunga alipata taabu kuzifungua.

Hapa mtaani kila mtu anasimulia habari zangu anavyopenda. Wengine wananifanya shetani, wengine wananionea huruma. Basi leo acheni nisimulie mwenyewe, na ubaya wangu wote uwe wazi. Sitajipaka mafuta.

Nilikuwa na rafiki, Bisimwa. Tulijifunza useremala kwa fundi mmoja, tukala kwenye sahani moja, na karakana zetu zinatenganishwa na mabati tu. Kitanda alicholalia Neema, mtoto wangu wa kwanza, alikichonga yeye. Mafundi wa Kadutu walituita mapacha. Pacha gani, jamani... pacha gani!

Sisi wawili tu ndio tuliokuwa na misumeno ya reli mtaani kwetu. Kwa asiyejua, huu ni msumeno wa umeme unaoteleza juu ya reli ndefu ya aluminiamu. Disiki yake ya meno imejificha ndani ya kifuniko. Ukiusukuma chini, disiki inazama kwenye mbao. Ukiuachia, springi inauinua na disiki inarudi mafichoni. Bila reli utakata kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Ukiwa na reli, hata mbao ya mita mbili inanyooka.

Wangu ulikuwa wa zamani, niliupata kwa mtu wa Bujumbura. Wake ulikuwa mpya, wenye nguvu, na reli mbili za kuunganisha. Kila siku tulibishana. Yeye alisifu nguvu ya mota yake, mimi nilimwambia mota haikati, kinachokata ni disiki! Na disiki yangu ilikuwa ya pekee, meno arobaini na nane, madogo, makali. Binamu yangu aliniletea kutoka Kampala. Mke wangu aliitia alama ya rangi nyekundu ya kucha, ili isipotee.

Siku moja akaja Maman Solange, mama wa ofisi anayekaa Muhumba. Alitaka makabati ya nyumba nzima, jikoni hadi vyumbani, yote ya melamini nyeupe. Ni kazi ya miezi! Na wenzake wa ofisini walikuwa wanangoja waone nani atamfanyia, na wao wamchukue huyo huyo.

Akatutazama sisi wawili, akasema, "Kila fundi anasema masini yake ndiyo muzuri. Mulete zote mbili kwangu, mukate mbele yangu. Mimi nitaamini macho yangu."

Melamini ni mbao yenye kiburi. Ukiikata vibaya inamegeka kingoni, na kovu halifichiki. Lakini mimi nilicheka moyoni. Kwa disiki yangu? Kazi ilikuwa yangu!

Siku mbili kabla ya shindano, Bisimwa akaja kuazima msumeno wangu. Wake, alisema, uko kwa fundi wa duka alikoununua, maana bado ni mpya. Nikampa. Ningekataaje? Akaurudisha jioni ile ile, akakaa, tukanywa chai kwa beignet, maandazi yetu ya huku, tukacheka.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu mafundi, kifaa kikirudishwa unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakitundika. Hukifungui mbele ya aliyekiazima. Kukikagua ni kumwita mwizi, na fundi aliyeitwa mwizi anaweza kukaa mwaka bila kukusalimia. Ndivyo tulivyofundishwa. Nikautundika ukutani, disiki imejificha ndani ya kifuniko chake, na sikuugusa tena hadi siku ya shindano.

Ua wa Maman Solange ulijaa watu. Mume wake, majirani, mlinzi, hata mafundi wengine wawili walikuja kutazama. Bisimwa akakata kwanza. Ukingo ulitoka laini kama kipande cha sabuni. Watu wakapiga makofi.

Nikalaza reli yangu. Nikazamisha. Yoo! Nilisikia kwa sikio kabla sijaona kwa jicho... mlio wa kukwaruza, kama panya anatafuna sanduku. Nilipoinua msumeno, ukingo wote ulikuwa umemegeka.

Maman Solange alipitisha kidole, akajichoma. "Papa Neema, na hii ndiyo unataka kuweka mu kuzini yangu?" aliuliza, akionyesha jikoni kwake.

Walicheka. Mlinzi alicheka hadi kofia ikaanguka. Na mimi, mjinga wa wajinga, niliushika mkono wa Bisimwa nikauinua juu, nikasema ameshinda kwa haki. Nilimpongeza! Nilidhani msumeno wangu umezeeka tu.

Wiki tatu baadaye nilifungua kifuniko ili niusafishe. Ndani nikakuta disiki ya meno machache, makubwa, ya kupasulia mihimili ya paa. Haikuwa yangu.

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Nilijua. Lakini moyo ulikataa, ukasema labda ni mtu mwingine, labda alikosea tu wakati wa kuusafisha...

Halafu Bisimwa akaja na miguu yake mwenyewe. Mimi ndiye ninayetengeneza mashine za mafundi wengi wa Kadutu, kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka na kuunguza kila kitu. Akauweka msumeno wake mezani kwangu, anatabasamu. "Papa Neema, masini yangu iko inakohoa. Nitazamie charbons za mota, ndugu yangu."

Ndugu yangu!

Alipoondoka nikafungua. Disiki ya meno arobaini na nane. Alama nyekundu ya kucha. Alinishinda kwa disiki yangu mwenyewe! Sijui alisahau kuitoa, sijui alinidharau kiasi hicho. Kazi ile ilikuwa imeshampa mteja wa pili na wa tatu, na mimi nilikuwa natengeneza viti vya kanisa vilivyovunjika mguu.

Mngefanya nini ninyi? Najua, mngemwita mbele ya wazee wa mafundi, angeaibika, yangeisha. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo. Alisema, "Hasira hasara, Papa Neema. Mwite, museme." Nikamwambia nimemsikia. Sikumsikia.

Mimi nilitaka mkono wake. Mkono wa kulia, ule niliouinua juu mbele ya watu. Nilitaka asishike tena randa, asishike nyundo, awe anapita mbele ya karakana yangu na mkono wa koti umening'inia mtupu. Hivyo ndivyo nilivyotaka, na naandika hivyo hivyo.

Nilibadilisha charbons, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota, vizuri kabisa. Kisha nikafanya kitu kwenye springi. Sitasema nilifanya nini, maana mjinga kama mimi anaweza kuwa anasoma. Itoshe kwamba ingeinua disiki mara nyingi, halafu siku moja isiinue. Disiki yangu niliiacha humo humo. Nilitaka akatwe na mali yangu.

Kuanzia hapo, kila asubuhi nilisikia msumeno wake nyuma ya mabati. Kila ukinyamaza, nilisimamisha kazi nikangoja kelele. Nilikuwa na furaha mbaya, wasomaji wenzangu. Nilikula vizuri. Nilimsalimia Bisimwa kwa sauti kuliko zamani, nikamuuliza mashine inaendaje. "Sasa iko sawa sana, ndugu yangu, Mungu akubariki." Nikaitika amina!

Ndipo mama yangu akafa.

Aliugua siku chache tu. Alilala mchana baada ya kunywa uji, hakuamka. Turubai likafungwa uani, maman za mtaa wakaanza kuimba, na mdogo wangu Murhula akafika anakimbia kutoka kwenye kibanda chake cha ushonaji, sentimita, utepe wake wa kupimia, bado iko shingoni. Sisi ni wawili tu kwa mama yetu. Yeye ni fundi wa nguo. Suti za harusi za mtaa huu zimepita mikononi mwake.

Kwetu mafundi, aliyefiwa haruhusiwi kugusa mbao. Wenzake wanaleta vifaa vyao uani kwake na kuchonga sanduku la maiti bure, yeye anakaa kwenye kiti, analia. Ni heshima kubwa. Na wa kwanza kuingia alikuwa nani? Bisimwa. Macho yamevimba, reli begani, msumeno mkononi.

"Maman yako alikuwa maman yangu," aliniambia. "Nitamukatia kwa hii, mbao zake zisikuwe na hata kovu moja."

Jamani! Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema, "Bisimwa, usitumie hiyo, imeharibika." Hata kuungama haikuwa lazima! Lakini angeuliza imeharibikaje, wakati mimi ndiye niliyeitengeneza. Na tena... nitasema tu... sehemu ya moyo wangu ilisema ngoja. Mama yangu alikuwa amelala ndani chini ya shuka, na mimi nilikuwa naangalia mkono wa mtu.

Ubao wa kwanza ukakatika. Springi ikainua. Ubao wa pili, ikainua. Nikasikia uchungu, na haukuwa wa mama. Nilihuzunika kwamba mtego wangu umekataa!

Ubao wa tatu ulikuwa umepinda, reli ikawa inayumba. Murhula akatoka kwenye viti vya wafiwa. Wazee walimwambia arudi, mfiwa hagusi mbao. Akawajibu kwa kilio, "Muniache nimushikie maman hata hii moja." Akapiga magoti, akaikandamiza reli kwa mikono yote miwili.

Nilisimama. Nakumbuka nilisimama. Nilifungua mdomo... na msumeno ulikuwa umeshaanza.

Bisimwa alimaliza kukata, akauachia, akauinua kama alivyozoea, kwa sababu anajua disiki hurudi ndani yenyewe. Safari hii haikurudi. Bado ilikuwa inazunguka. Akageuka kuuweka pembeni, na pembeni ndiko ulikokuwa mkono wa kulia wa mdogo wangu.

Vidole vitatu, wasomaji wenzangu. Vidole vitatu vya fundi wa nguo. Maman waliacha kuimba. Damu ililowesha ubao wa sanduku, ikabidi ubao mwingine utafutwe.

Bisimwa alivua shati, akaufunga mkono ule, akambeba Murhula mgongoni akishuka naye mtelemko mzima wa Cimpunda hadi barabarani, anapiga kelele gari zisimame. Mimi nilibaki nimesimama pale pale. Kesho yake tulimzika mama, na mwanaye wa mwisho yuko kwenye kitanda cha hospitali.

Watu walimlaani Bisimwa. Walisema ni mzembe, ana mkosi. Naye hakujitetea. Alikuja hospitalini, akapiga magoti kati ya vitanda, akalia mbele ya ukoo wetu wote. Akasema Mungu anamwadhibu. Akaeleza mwenyewe habari za disiki, jinsi alivyoibadilisha ile siku ya kuazima, kwa sababu alikuwa na tamaa na aliogopa kushindwa. Akaniomba msamaha.

Hii ndiyo dakika niliyoiota majuma mazima! Adui yangu chini, uso kwenye sakafu, ukoo unamzomea. Na mimi nikafanya nini? Nikamwinua, nikamwambia nimemsamehe. Shangazi yangu alilia kwa furaha, akasema nina moyo wa mtumishi wa Mungu. Nikazipokea sifa zile. Nikazimeza.

Murhula hakumsamehe. Aliporudi nyumbani alijaribu kutia uzi kwenye sindano, ikaanguka, akajaribu tena, ikaanguka. Akaniita nikae karibu naye. Akanong'ona, "Kaka, wewe unajua masini. Umufanyie kitu. Na yeye akatike. Naomba unilipizie."

Alinitazama kwa matumaini... mimi kaka yake, mtu wake pekee aliyebaki. Nilishindwa. Nikamwambia yote. Springi, charbons, asubuhi za kungoja kelele nyuma ya mabati. Yote.

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige! Aliniuliza jambo moja tu. Hakuuliza habari ya springi. Aliuliza, "Siku ile umekaa pale kwa kiti, maman hajazikwa, unaona nimepiga magoti... na ulinyamaza?"

Niliinama, nikaiokota sindano yake sakafuni.

Siku ya kumaliza kilio Murhula alisimama mbele ya watu akasema kila kitu, bila kupaza sauti, kisha akaenda kukaa kwa Bisimwa. Ndiyo, kwa Bisimwa! Ndiye anayemshikia kitambaa sasa wakati anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Bisimwa alinijia mara moja tu, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Papa Neema, sasa tumelingana?" Akaenda zake.

Nitawadanganya nikisema hasira imekwisha. Nikipita Muhumba nikaiona nyumba ya Maman Solange, damu bado inachemka. Bisimwa alinikosea, na hilo halifutiki. Lakini yeye aliniibia kazi moja. Mimi nilimwibia mdogo wangu mkono, na sikuwa hata nimemkasirikia.

Fundi akifiwa siku hizi, wenzangu wanapita mbele ya karakana yangu na vifaa vyao begani, hawageuki. Siitwi kuchonga. Nani atamwita mtu aliyetega sanduku la mama yake?

Ndugu zangu, mama zangu, vijana mnaosoma hapa, nawasihi. Ukiona umeibiwa, piga kelele siku hiyo hiyo. Fungua kifuniko mbele ya mwenzako, akikasirika na akasirike! Mwite mwizi, tukaneni, pigeni hata ngumi, wazee waje wawaachanishe. Lakini usimchekee mtu huku unamtegea, maana hujui ni nani atakayekuwa amepiga magoti pembeni siku mtego ukifyatuka. Na kama umeshatega, na unaona mtu anasogea, sema. Sema hata kama utaaibika mbele ya dunia nzima. Mimi nilikuwa na muda wa mbao mbili nzima, na sikusema.